Mwanafunzi anasoma bila kukwama lakini haelewi? Anzia hapa

Walimu wenzangu na wazazi hunijia na lalamiko lilelile: mtoto anasoma kwa sauti vizuri kabisa, lakini ukimuuliza habari inahusu nini, kimya. Wengi humwongezea maswali ya ufahamu. Kwa uzoefu wangu wa kufundisha, hayo hayatoshi. Maswali hupima ufahamu tu, hayaujengi.

Soma sentensi hii: "Mbwezi alilundua njiko mbili kwenye sango." Nani alilundua? Mbwezi. Njiko ngapi? Mbili. Wapi? Kwenye sango. Umepata yote, ilhali maneno hayo nimeyabuni mwenyewe na hayana maana yoyote. Ndivyo wanafunzi wengi wanavyojikusanyia alama: wanawinda neno la swali ndani ya kifungu, wananakili sentensi, wanapata vema.

Mtafiti wa Marekani, Dolores Durkin, alikaa madarasani mwishoni mwa miaka ya 1970 akihesabu dakika za vipindi vya kusoma. Muda wa kufundisha jinsi ya kuelewa haukufika hata asilimia 1. Kuuliza maswali na kugawa mazoezi ndiko kulikotawala. Inasikitisha, na hali hiyo bado naiona.

Mimi husoma pamoja nao na kusimama katikati ya habari. Chukua hii: "Asha alimwita Rehema kwa sababu alikuwa amepotea." Nani alikuwa amepotea? Darasa hugawanyika papo hapo. Waache wabishane, kila mmoja atoe sababu yake. Kisha endelea: "Rehema alipofika, alimwonyesha Asha njia ya kurudi." Sasa sema unavyofikiri, wakusikie: "Nilidhani Rehema ndiye aliyepotea. Kumbe ni Asha. Ngoja nirudi nisome tena." Kurudi nyuma huko ndiko wasikokujua. Wengi wanaamini anayerudia ni dhaifu, hivyo wanasonga mbele gizani hadi nukta ya mwisho.

Wakishazoea, wape wao usukani. Watafiti Annemarie Palincsar na Ann Brown walieleza njia hiyo mwaka 1984: wanafunzi wanapokezana kuongoza kikundi, wakiuliza maswali, wakifafanua palipo pagumu, wakifupisha na kubashiri kinachofuata. Kufupisha ndiko kunakowatesa zaidi. Anza na aya moja, sentensi moja, bila kutazama kitabu.

Halafu kuna maarifa ya mada yenyewe, na hapa nasisitiza sana. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walielewa na kukumbuka zaidi ya wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo, kabla ya kusoma habari ya nyuki, zungumzeni kwanza kuhusu nyuki: wanaishije, nani hutaga mayai, asali hutokana na nini. Msamiati mgumu utaingia humo humo kwenye mazungumzo. Orodha ndefu ya maneno ubaoni husahaulika upesi.

Mzazi naye ana nafasi yake. Badala ya "umesoma nini?", muulize mtoto "ni wapi palikuchanganya?" Akijibu hapakuwa popote, chagueni aya moja, msome wote wawili, kisha kila mmoja amweleze mwenzake alichoelewa. Mnapotofautiana, rudini kwenye aya mtafute sentensi iliyowatenganisha.