Eksikaveta isubiri kwanza

SWALI: Ndugu zetu wamerejea kwenye mashamba yao karibu na Janaale, Somalia, baada ya miaka mingi ya vita, na wamekuta mfereji umefukiwa na tope hadi miti imeota ndani yake. Sisi jamaa wa huku tumechangishana fedha za kukodi eksikaveta. Je, tuwaambie wachimbe kadiri fedha zitakavyoruhusu? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hapana, na hasa msiwaambie wachimbe “kadiri fedha zitakavyoruhusu”, kwani mfereji uliochimbwa kupita kiasi ni hasara kuliko uliojaa tope. Mifereji ya huko ilijengwa maji yateremke yenyewe shambani. Sakafu yake ikishushwa, maji yatapita chini ya usawa wa mashamba, na mkulima atalazimika kununua pampu na dizeli. Kabla mashine haijafika, wafukue kwa jembe na sepetu penye toleo la zamani la kuingizia maji shambani, mpaka wakute zege la awali. Hapo ndipo penye kipimo cha kina, na fundi mwenye pimamaji atakihamishia sehemu nyingine za mfereji.

Jambo la pili ni banio. Mabanio ya Mto Shabelle, likiwamo la Janaale lililojengwa na Waitalia katika miaka ya 1920, kazi yake ni kuinua maji ya mto yaingie mferejini. Baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, malango mengi yalikosa matunzo yakashika kutu, na wakulima waliokosa maji wakawa wanatoboa ukingo wa mto kwa mikono. Siwalaumu, maana mwenye mahindi yanayokauka hangojei fundi. Lakini mto huo, katika sehemu zake za chini, umepandishwa na tope lake wenyewe hata ukawa juu kuliko ardhi ya pembeni, kwa hiyo tundu lisilozibwa kabla ya msimu wa Gu (masika), mvua zinaponyesha katika nyanda za juu za Ethiopia, huwa mlango wa mafuriko. Sehemu ya fedha zenu iende kwenye mifuko ya mchanga na ukarabati wa lango, na kazi ifanyike wakati wa Jilaal (kiangazi), kati ya Januari na Machi, mto unapopungua sana. Tope linalotolewa limwagwe mbali na ukingo, lisije likarudi na mvua ya kwanza.

Msisahau kuuliza kama eneo limekaguliwa mabomu yaliyosalia ardhini.

Lililo gumu zaidi halihitaji mashine. Waliokimbia wamerudi, na huenda wapo waliolima mashamba hayo wakati wenyewe hawapo. Wazee wa pande zote wakae, waandike zamu za maji na wamteue msimamizi wa lango anayekubaliwa na wakulima wa mwisho wa mfereji, ambao maji huwafikia yakiwa yamebaki kidogo. Makubaliano hayo yakishapatikana, tumeni fedha za eksikaveta.