Kabla hujapaka kalipa rangi: kwa vijana mnaoanza gereji

Siku hizi mwenye Crown au Subaru anataka kalipa, yaani vishikio vya breki vinavyobana pedi kwenye diski, ziwe nyekundu na zionekane katikati ya matundu ya rimu, na kazi hiyo humwangukia kijana mgeni kwa sababu mafundi wakubwa wanaiona ya urembo tu. Mimi sikubaliani nao. Hapo umeshika breki, si bampa. Mteja analipia rangi, lakini muda wako mwingi utakwenda kwenye kusugua, na akili yako iwe kwenye sehemu ambazo rangi haitakiwi kufika.

Kagua kwanza. Weka stendi, usiamini jeki peke yake, na uzuie matairi yaliyobaki chini. Ukishatoa rimu, tazama raba ya vumbi inayozunguka pistoni. Ikiwa imechanika, au pana unyevu wa mafuta ya breki, simamisha kazi umwite mwenye gari. Kalipa inayovuja inatengenezwa, haipakwi. Tena mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3 na DOT 4, hubabua rangi, kwa hiyo hata ukijifanya hukuona, kazi yako itakuumbua.

Kwa gari nyingi huna haja ya kufungua mpira wa mafuta, yaani bomba la mpira linaloleta mafuta ya breki kwenye kalipa. Ukiuacha umefungwa, hutahangaika na kutoa upepo ulioingia kwenye breki. Fungua boliti za pini, toa pedi, kisha tundika kalipa kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wake, maana mpira huumia kwa ndani na kwa nje huoni kitu. Na waambie wenzako kwa sauti kwamba hakuna kukanyaga pedali, kwa sababu pistoni itachomoka.

Sasa vumbi. Najua kompresa iko karibu na mkono unawasha, lakini usipulize. Baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto, na kwa macho huwezi kuitambua. Vaa barakoa, lowanisha kwa maji ya sabuni, sugua kwa brashi. Mashine ya presha ya kuoshea magari nayo iache: husukuma maji nyuma ya raba, na kutu itaanzia mahali usipopaona.

Linalonisumbua zaidi ni petroli. Gereji zetu husafishia petroli kila kitu, kuanzia injini hadi mikono. Kwenye kalipa, hapana. Raba za breki zimetengenezwa zivumilie mafuta ya breki. Zikikutana na petroli, dizeli au grisi ya kawaida huvimba, pistoni ikagoma kurudi, pedi ikabaki inakwaruza diski. Tumia dawa ya kopo ya kusafishia breki, au spiriti. Soma kopo lenyewe: dawa yenye klorini isikaribie mahali pa kuchomelea vyuma, kwani ikipata joto kali hutoa gesi ya sumu.

Grisi itoke kabla ya msasa, si baada yake. Ukisugua juu ya grisi unaikandamiza ndani ya mikwaruzo, na rangi itabanduka hapohapo.

Gusa kalipa kwa sumaku. Ikinasa, ni chuma: piga brashi ya waya mpaka magamba ya kutu yaishe, kisha msasa namba 120, umalizie na 240. Isiponasa, kwa kawaida ni aluminiamu, na hiyo inataka brashi ya nailoni na msasa laini. Kostiki soda usiiweke kabisa, inakula aluminiamu na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Kwa ninyi mlio Dar, Tanga au Mombasa, chuma kilichosuguliwa kikilala usiku mmoja kwenye hewa ya bahari, asubuhi kimeshapata kutu nyepesi. Kwa hiyo usisugue jioni ili upake kesho. Kabla ya kupaka, futa kwa kitambaa cheupe chenye spiriti. Kikitoka na weusi, rudia.

Kuziba kwa tepu ndiko kunakotofautisha fundi na mpaka rangi. Ziba raba na pistoni, nipo ya kutolea upepo, pini na matundu yake, na njia za braketi (fremu inayobeba kalipa) ambamo pedi huteleza. Rangi ikiingia kwenye njia hizo pedi hukwama. Ziba pia nyuso zinazokutana boliti zikikazwa, na uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, unapokaa rimu: rangi iliyobanwa hapo hulainika kwa joto, ikaminywa, na boliti ikalegea bila mtu kuigusa. Diski ifunike kabisa kwa karatasi.

Kupaka kwenyewe hakuna maneno mengi. Chukua rangi ya kustahimili joto, pitisha matabaka membamba mawili au matatu, na fuata muda ulioandikwa kwenye kopo.

Wakati wa kufunga, pini zipate grisi ya silikoni ya breki. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa vipimo vya kitabu cha gari hilo. Nati za rimu kwenye Toyota nyingi ndogo ni Nm (nyutoni-mita) 103. Ukirudisha pistoni ndani ili pedi ziingie, chungulia chupa ya mafuta ya breki, isije ikafurika juu ya bodi. Halafu kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, gari likiwa limesimama. Pistoni ziko nyuma bado, na mkanyago wa kwanza utazama bila kushika chochote.