Mrusi wa mkataba au beki wa uhakika?
Mangi, umeuliza kwenye ligi yenu ya kuigiza drafti ya NHL (ligi ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, ambako timu huchagua chipukizi kwa zamu) mchukue nani raundi ya kwanza: Mrusi fundi aliyebanwa na mkataba kwao, au beki mrefu asiye na makuu. Mimi namchukua Mrusi. Mwaka 2010 Vladimir Tarasenko alirukwa na timu kibao; St. Louis wakamdaka nafasi ya 16, na 2019 akabeba nao Kombe la Stanley, taji la NHL. Griffin Reinhart, beki wa "uhakika", alikwenda wa 4 mwaka 2012, akaishia mechi 37 tu za NHL. Ila uliza kwanza mkataba wa huyo Mrusi kwao unaisha lini. Jana kijiweni Mbuyuni kahawa ilitupoa mkononi tukibishana (barafu yenyewe tunaiona Kibo tu!). Aliyemtaka beki ni fundi viatu peke yake, na yule hakopeshi mtu.