Maswali ya Hesabu: Namba Iliyompotosha Fermat

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, Iringa. Rafiki yangu anashikilia kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Nimegawanya kwa 3, 7, 11, 13 hadi nimechoka. Nitafute wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako yuko upande wa Fermat, gwiji wa hisabati wa Ufaransa. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Fermat aliona kuwa kipeo kikiwa 1, 2, 4, 8 na 16, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa, akaamini inayofuata nayo ni tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha kuwa sivyo.

Achana na 7 na 11. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Naipenda mno kanuni hii, maana inafyeka msitu mzima wa kazi! Jaribu namba tasa zinazobakiza 1 hivyo, yaani 193, 257, 449, 577: ukigawanya namba yako kwazo, zote zinaacha baki. Ya tano ni 641, nayo inaingia mara 6,700,417 kamili. Zidisha mwenyewe kwa mkono, simu weka kando. Hiyo 6,700,417 nayo ni tasa. Igawanye kwa 64 uone inabakiza ngapi.