Maswali na majibu: Kauli za urais na aliyefumbiwa

Barua nyingi za safari hii zinauliza kitu kimoja kwa sura mbalimbali: fulani aliposema vile kuhusu urais, alimlenga nani? Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Tatizo letu ni kwamba kila mtu kijiweni ni mwerevu. Nimechagua barua chache.

Kuna kiongozi alikuja kwetu akasema 2030 nchi inataka rais kijana. Wenzangu wanadai kajipigia debe. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Anza na umri wake mwenyewe. Akiwa na miaka 45, mna haki ya kumshuku. Akiwa na 70, basi ana mtu wake mfukoni.

Kikatiba neno "kijana" halina kazi hapo. Ibara ya 39 ya Katiba ya Tanzania inataka mgombea urais awe ametimiza miaka 40, na haikuweka ukomo wa juu. Kuna wakati neno hilo lilikuwa na uzito wa kisheria. Kuelekea 2015 jina la Zitto Kabwe, mwanasiasa wa upinzani, lilikuwa likitajwatajwa, lakini alizaliwa Septemba 1976, kwa hiyo siku ya kura, tarehe 25 Oktoba 2015, alikuwa na miaka 39. Enzi hizo anayehubiri "rais kijana" ungeweza kumuuliza: unataka umri upunguzwe, au yeye asubiri? Leo neno hilohilo linafanya kazi moja tu, kuwapunguza wazee kwenye orodha ya wanaotajwa. Na kijana wa siasa zetu anaweza kuwa na wajukuu.

Kwa nini hawasemi wazi tu kwamba wanautaka urais? Si dhambi. (Msomaji, Tabora)

Si dhambi, ila ndani ya chama inaweza kuwa kosa. Februari 2014 chama tawala, CCM, kiliwapa makada sita onyo kali na kuwafungia miezi 12, kwa sababu ya kuanza kampeni za urais kabla ya wakati. Walikuwemo Edward Lowassa, Frederick Sumaye, Bernard Membe, Stephen Wassira, January Makamba na William Ngeleja. Ukishaona wenzako wamefungiwa kwa kusema mapema, unajifunza kusema bila kusema. Unachangia msikiti, unachangia harambee ya kanisa, unazungumzia "uongozi tunaoutaka", na wapambe wako wanamalizia sentensi.

Lowassa alipotangaza nia rasmi, Mei 2015 jijini Arusha, aliiita safari ya matumaini. Julai CCM ikalikata jina lake Dodoma, na safari ikaendelea kwa basi la chama cha upinzani, CHADEMA.

Lakini fumbo si la mgombea peke yake. Septemba 2021, miezi sita tu baada ya kuapishwa, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia wanawake kwamba Rais mwanamke bado hatujamweka, tutamweka 2025. Itazame kauli hiyo polepole. Hakutaja jina. Hakusema "nitagombea". Alitumia "tuta-", kwa hiyo waliosikia wote wakawa wamo ndani ya uamuzi. Na kwa kutofautisha kuwekwa na wapiga kura na kurithi kiti baada ya msiba wa Rais Magufuli, aliwajibu waliokuwa wakinong'ona kwamba anamalizia tu kipindi cha mwenzake. Hilo ni fumbo lililofumwa vizuri, kwa sababu kila neno lilikuwa na kazi.

Sasa upande wa pili. Mwishoni mwa Desemba 2021 Spika Job Ndugai alizungumzia mikopo ya serikali na deni la taifa. Urais hakuutaja kwa jina. Rais akaihusisha kauli ile na mbio za 2025, na siku chache baadaye Spika akajiuzulu. Kama kweli alikuwa akifumba au alikuwa akilalamikia deni tu, mimi siwezi kuingia moyoni mwake. Ninachokiona ni kwamba maana iliyobaki ni ile aliyoisikia mwenye nguvu.

Rais Samia anaweza kugombea tena 2030? Kuna wapambe wanasema kipindi cha kwanza hakihesabiwi. (Msomaji, Mtwara)

Hapa hakuna fumbo, ni hesabu. Ibara ya 40 inasema Makamu aliyeshika kiti cha Rais kwa muda unaopungua miaka mitatu ataruhusiwa kugombea mara mbili. Akishika kwa miaka mitatu au zaidi, mara moja tu. Yeye aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, akakaa zaidi ya miaka minne kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025. Mara yake moja ameshaitumia.

Kwa hiyo mpambe akikuambia "hakihesabiwi", msikilize vizuri: anachoomba ni Katiba ibadilishwe, hajapata ujasiri wa kulitamka. Ndugai huyohuyo, akiwa Spika, aliwahi kusema Magufuli ataongezewa muda atake asitake. Angalau yule hakufumba.

Ni kweli 2030 ni zamu ya Bara? (Msomaji, Pemba)

Neno "zamu" halimo kwenye Ibara ya 39. Kilichomo kwenye Katiba, tena Ibara ya 47, ni kwamba Rais na Makamu wake wasitoke upande mmoja wa Muungano. Zamu ni mazoea ya vyama na hesabu za kura. Akiitaja Mbara, mtazame anamwangalia nani. Akiitaja Mzanzibari, huenda anapima upepo wa umakamu.

Wengine husema jukwaani urais ni wa mtu ambaye kaburi la babu yake linajulikana. Katiba inasema hivyo? (Msomaji, Kigoma)

Haisemi. Inataka raia wa kuzaliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uraia, na sheria hiyo inamtenganisha raia wa kuzaliwa na raia wa kurithi, yaani mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje ya nchi, na tena na raia wa tajnisi, yaani mgeni aliyeomba uraia akapewa. Kaburi la babu halipigi muhuri popote.

Kauli ya namna hii siipendi, na nyinyi wa mikoa ya mpakani mnajua sababu kuliko mimi. Fumbo la "kijana" likikukosea unacheka. La uraia linakufuata mpaka nyumbani. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge, si raia, na hata urais hakuwa akigombea. Mwanasiasa akianza kuzungumzia makaburi, mwambie ataje jina au ashuke jukwaani.

Kama sifa za Katiba ni chache hivyo, mbona watu wanaenguliwa? (Msomaji, Mwanza)

Sifa ni tano, na tatizo liko kwenye ya tatu: lazima uwe mwanachama wa chama na uwe umependekezwa nacho. Mlango huo mmoja unaingiza kanuni zote za chama ndani ya sifa za urais. Luhaga Mpina alihamia ACT-Wazalendo Agosti 2025 na kuteuliwa papo hapo. Msajili wa Vyama akatengua uteuzi kwa hoja ya kanuni za chama chenyewe, Tume ikamzuia, Septemba Mahakama Kuu ikamrudisha, kisha akaenguliwa tena. Kwa hiyo ukisikia "hana sifa", uliza: za Katiba au za kanuni?

Mbunge wetu kaulizwa kuhusu urais, kajibu "sijatangaza nia". Amekataa? (Msomaji, Iringa)

Angetaka kukataa angesema "sitagombea". Kidogo chini yake ingekuwa "sina nia", ambayo inaweza kugeuka kesho asubuhi. Yeye alichagua "sija-". Mtoto akikuambia "sijala", unamwandalia sahani.