Maswali ya Wasomaji: Kinu cha nyuklia kikishaharibika, hushughulikiwa vipi?

SWALI: Mhariri, salaam. Hapa kwetu tumesikia kwa miaka kadhaa habari za kujengwa kituo cha umeme wa nyuklia Uyombo, na ingawa sasa mipango imeelekezwa Siaya, watu wakikaa barazani jina la Fukushima, kile kituo cha Japani kilichoharibika mwaka 2011, halikosi kutajwa. Wako wanaosema tetemeko ndilo lililopasua vinu, na wako wanaosema vinu vilikuwa vimeshazimwa. Kama vilizimwa, mbona vililipuka? Na waliobaki ndani walifanya nini?
*Msomaji, Kilifi*

JIBU: Ndugu msomaji, wanaosema vinu vilikuwa vimezimwa ndio walio karibu zaidi na ukweli. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipotokea baharini mashariki ya kisiwa cha Honshu, vinu vitatu kati ya sita vya Fukushima Daiichi vilikuwa kazini, na vyote vitatu vilijizima kama vilivyosanifiwa. Umeme wa gridi ulikatika, jenereta za dizeli zikawaka, na kwa muda wa dakika hamsini hivi mambo yalikwenda kwa utaratibu. Ndipo ikaja tsunami. Kituo kilikuwa kimeandaliwa kwa wimbi la mita 5.7, lakini maji yalipanda hadi karibu mita 15, yakaingia katika vyumba vya chini ambamo jenereta nyingi na paneli za kugawia umeme zilikuwa zimewekwa.

Kuzima kinu si kukipoza. Kinachosimamishwa ni mpasuko wa atomi za urani. Mabaki ya atomi zilizokwisha kupasuka huendelea kutoa mionzi na joto, mithili ya jiko la mkaa ambalo halipoi kwa sababu tu umeacha kulipepea. Mara baada ya kuzimwa, joto hilo huwa kama asilimia 6 ya nguvu kamili ya kinu, na siku moja baadaye bado huwa kiasi cha nusu asilimia. Katika kinu namba 1, kilichokuwa kidogo kuliko vyote pale, hiyo nusu asilimia inatosha kugeuza takriban tani kumi za maji kuwa mvuke kila saa. Maji yasiporudishwa, vijiti vya fueli, yaani vile vyenye urani, hubaki wazi, maganda yake ya metali ya zirkoni huingiliana kikemikali na mvuke na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, kisha vijiti vyenyewe huyeyuka. Haidrojeni iliyovuja ndiyo iliyorusha paa la jengo namba 1 tarehe 12 na la namba 3 tarehe 14. Jengo namba 4 nalo lililipuka tarehe 15 ingawa kinu chake hakikuwa na fueli hata kidogo, kwa kuwa gesi ya jirani yake namba 3 ilipita katika mabomba ya hewa waliyoshirikiana.

Sasa waliobaki ndani. Katika chumba cha kuongozea vinu namba 1 na 2 taa zilizimika na mita zote zikafa, kwa hiyo wafanyakazi walikwenda kwenye magari yaliyoegeshwa kituoni, wakang'oa betri, wakaziunganisha moja baada ya nyingine ili angalau mita ya kina cha maji isomeke. Ikasomeka, lakini kwa uongo: usiku ule ilionyesha kwamba fueli ya kinu namba 1 imefunikwa na maji, ilhali wakati huo ilikuwa inayeyuka. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mkasa ule, kwa maoni yetu, kwa sababu mtu anaweza kustahimili giza na hofu, lakini hawezi kuamua sawasawa akiwa anaamini kipimo kilichoharibika.

Presha ilipozidi ikabidi gesi iachiliwe nje kwa kufungua vali kwa mkono. Kundi la kwanza lilifaulu kufungua vali moja kwa sehemu. La pili lilirudi njiani kwa sababu mionzi ilikuwa mikali mno. Hatimaye magari ya zimamoto yalitumika kusukuma maji ndani ya vinu, kwanza maji yasiyo na chumvi, halafu ya bahari, ambayo chumvi yake humaanisha kinu hakitazalisha umeme tena. Mkuu wa kituo, Masao Yoshida, aliagizwa kutoka makao makuu ya kampuni yake asimamishe maji ya bahari. Mbele ya kamera ya mkutano alitamka amri ya kusimamisha, na pembeni alikuwa amekwisha kumnong'oneza msaidizi wake aendelee. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya maji yale ilipotelea katika mabomba mengine kabla ya kufika kwenye fueli.

SWALI: Je, hakukuwa na vituo vingine katika pwani ile ile? Hivyo vilinusurika vipi?
*Mwanafunzi, Mbeya*

JIBU: Vilikuwapo. Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, lakini kilijengwa juu ya ardhi yenye mwinuko wa karibu mita 15. Ardhi ilididimia mita moja, wimbi likaja na mita 13 hivi, na kituo kikabaki kikavu kiasi cha kuwapa hifadhi wanavijiji zaidi ya 300 waliopoteza nyumba zao. Fukushima Daini, kilomita chache kusini ya Daiichi, kiliharibiwa pampu zake, lakini laini moja ya umeme wa nje ilisalia. Wafanyakazi wapatao 200 wakatandaza nyaya nzito zenye urefu wa jumla wa kilomita 9 kwa mikono yao, na kufikia tarehe 15 vinu vyote vinne vilikuwa vimepoa. Kwa hiyo wenye mradi wa kituo cha nyuklia wakija barazani, waulizwe jenereta za akiba zitawekwa kwenye mwinuko gani, na zikifa zote, umeme utatoka wapi.

SWALI: Nasikia Japani inamwaga maji ya sumu baharini. Kwani kazi haijaisha tangu 2011?
*Msomaji, Unguja*

JIBU: Haijaisha, na haitaisha karibuni. Ndani ya vinu vitatu mna takriban tani 880 za fueli iliyoyeyuka ikachanganyika na chuma na zege. Mnamo Novemba 2024 roboti ilifaulu kwa mara ya kwanza kutoa kipande, chini ya gramu moja. Wakati huohuo mabaki hayo lazima yaendelee kupozwa, na maji ya ardhini nayo hujipenyeza katika majengo licha ya ukuta wa udongo uliogandishwa uliozungushwa. Maji hayo husafishwa, yakahifadhiwa katika matangi zaidi ya 1,000, na tangu tarehe 24 Agosti 2023 huachiliwa baharini kidogo kidogo chini ya uangalizi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA). Kinachobaki hasa ni tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mionzi, ambayo haichujiki kwa urahisi kwa kuwa ni sehemu ya maji yenyewe. Kikomo walichojiwekea ni bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 1,500 kwa lita, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000. Samaki wa Unguja hawana la kuogopa hapo.

SWALI: Mionzi iliua watu wangapi?
*Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Serikali ya Japani mwaka 2018 ilikubali kifo cha mfanyakazi mmoja, aliyeugua saratani ya mapafu. Kwa wakazi, kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa haikuona madhara ya kiafya yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi. Uhamishaji wenyewe ndio uliogharimu maisha: wagonjwa mahututi na wazee walipakiwa kwenye mabasi kwa saa nyingi bila wahudumu wa kutosha, na katika mkoa wa Fukushima vifo vilivyotambuliwa kuwa vimetokana na kuhamahama na taabu zake vimepita 2,300.