Kumchora Shujaa Mwenye Sura ya Nyumbani

Filamu ya Black Panther, inayomhusu mfalme shujaa wa Kiafrika, ilipofika Kampala mwaka 2018, wateja wangu wengi walitaka kitu kimoja: wachorwe wakiwa mashujaa. Mmoja wao, dereva wa bodaboda, aliniagiza picha ya binti yake wa miaka tisa. Nilichukua picha aliyonitumia kwa simu, nikaweka kichwa cha mtoto juu ya mwili wa shujaa niliounakili, kisha nikapaka uso rangi nyeusi kama ilivyotoka kwenye tyubu, na kutia nyeupe kidogo mahali palipong'aa. Mama wa dereva huyo, aliyeishi miaka mingi kambini na mumewe askari na ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, aliitazama kwa muda, akaniuliza: "Mwanangu, mbona umemchora mjukuu wangu kama sufuria iliyosahaulika mekoni?"

Sikuwa na jibu. Ninayokuandikia, ndugu mchoraji, niliyaokota nilipokuwa nikilitafuta.

Kosa la kwanza lilikuwa rangi. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe huzaa kijivu, na ngozi ya kijivu ni ngozi ya maiti. Siku hizi naanza na kahawia iliyokoza pamoja na buluu, ambazo zikikutana hutoa weusi wenye uhai, kisha naongeza wekundu wa udongo masikioni, puani na kwenye vifundo vya vidole. Penye mwanga sitii nyeupe tupu. Natazama kwanza mwanga unatoka wapi, kwa sababu paji la uso lililoelekea juu hupokea buluu ya anga, na kidevu kilicho juu ya nguo ya manjano hupokea umanjano wake. Sisemi kwamba nyeusi ya tyubu ni haramu. Kerry James Marshall, mchoraji wa Marekani ambaye watu wake ni weusi kwelikweli, hutumia nyeusi za aina kadhaa na kuzitia rangi nyingine, hata weusi ukawa na kina badala ya kuwa shimo. Yeye alichagua; mimi nilikuwa mvivu.

Picha ya simu nayo usiiamini sana, kwani simu nyingi hulainisha uso bila kuombwa. Nilimwomba dereva amlete mtoto mwenyewe, nikamketisha kivulini karibu na mlango, uso ukielekea nje. Hapo ndipo nilipoliona kovu dogo kidevuni, ambalo kwenye picha halikuwapo.

Kosa la pili, ambalo naliona kubwa zaidi, lilikuwa vazi. Mhusika Black Panther alibuniwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1966 na Wamarekani wawili weupe, Stan Lee na Jack Kirby. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi ya filamu hiyo na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2019, alichota kwenye blanketi za Lesotho na kofia za wanawake wa Kizulu. Ikiwa mbunifu wa Marekani alichota kwetu Afrika, mimi niliyeketi Kampala nilikuwa nikinakili nini? Tena, kuuza nakala ya mhusika wa kampuni ya watu kunaweza kukuingiza kwenye kesi ya hakimiliki.

Basi nikalitazama upya gomesi, gauni refu la wanawake wa Uganda linalofungwa kwa mkanda mpana. Mabega yake yaliyochongoka yanatosha kabisa kuwa ya shujaa anayejiandaa kuruka, na lenyewe ni mchanganyiko, kwa kuwa jina lake linatokana na fundi wa nguo mwenye asili ya Goa, India, aliyeitwa Gomes. Kutoka kwenye katuni nilibakiza mkao tu: miguu imepanuliwa, ngumi kiunoni, mtazamaji akitazama kutoka chini. Nyuma yake niliweka lubugo, kitambaa cha gome la mutuba. Ukitaka kupaka rangi juu ya lubugo, tanguliza gundi nyembamba mara mbili na uiache ikauke, la sivyo kitakunywa rangi yako yote. Kumbuka pia kwamba kahawia yake yenye wekundu inaweza kuumeza uso. Nilitenganisha viwili hivyo kwa ukingo mwembamba wa buluu shavuni.

Picha ya pili niliipeleka mwenyewe. Bibi aligusa kovu la kidevuni kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa kukubali, kisha akateremka na macho hadi kwenye mkanda. "Huu hukaa nyongani," akasema, "wewe umeufunga kiunoni." Nikairudisha karakana.